Maneno Matatu

Swali lililomkosesha raha Maalim Burhani tangu Jumatano ile lilikuwa moja tu: jambo likishatokea, linakwenda kukaa wapi? Haliwezi kubaki pale lilipotokea, kwa sababu pale watu hupita na shughuli zao. Haliwezi kukaa machoni mwa walioliona, maana macho kesho yake yana kazi nyingine. Linakaa kwenye maneno, alijijibu. Alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka thelathini na mbili, na maneno aliyaona kama ramani. Mto unaweza kukauka ukawa njia ya ng'ombe, lakini madamu umechorwa kwa rangi ya bluu, mtoto wa darasa la tano ataendelea kuutaja kwa jina lake. Jibu hilo lilimtosha. Ndilo lililokuja kumponza.

Jumatano hiyo, baada ya sala ya Alasiri, jua likiwa bado kali, Shafii, fundi wa kutengeneza cherehani, aliuawa mbele ya watu wapatao arobaini.

Shafii ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa Mtaa wa Chini. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo katikati, na watu walizoea kumtania kwamba koo lake linataka mafuta ya cherehani. Siku hiyo alitoka msikitini amebeba begani kichwa cha cherehani alichokuwa amekitengeneza, mkononi ana mkoba wa vifaa, anampelekea mwenyewe mtaa wa pili. Gari lisilo na namba likasimama. Mtu mmoja akashuka, akaita, "Shafii!" Naye akageuka na kuitika, "Labeka," kama alivyomwitikia kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Risasi tatu. Wenzake wakashuka, wakamnyanyua, wakachukua na cherehani na mkoba, wakaondoka. Maalim Burhani alikuwa mlangoni mwa msikiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na alibaki hivyo hivyo mpaka mtu alipokuja kumshika mkono.

Katika mji ule Gazeti lilikuwa moja, na halikuwa na jina jingine. Lilikuja kila asubuhi kama jua linavyokuja, na hapakuwa na aliyeuliza limetokea upande gani. Alhamisi likaja na kichwa cha habari kilichojaza nusu ukurasa: GAIDI AUAWA MTAA WA CHINI. Chini yake palikuwa na picha ya kikopo cha mafuta na bisibisi tatu, na maelezo kwamba hivyo ni vifaa vya kutengenezea milipuko.

Watu wa mji ule hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waovu. Ila walikuwa na maradhi ambayo wenyewe hawakuyajua: walichokisoma kilikaa mahali pa walichokiona, kikakisukuma nje taratibu, kama mgeni anayeombewa kitanda cha mwenye nyumba. Alhamisi hiyo Pandu, muuza kahawa aliyekuwa hatua kumi kutoka pale Shafii alipoangukia, alikuwa akilia. Ijumaa alikuwa kimya. Jumamosi akasema, huku akimimina kahawa, kwamba ukifikiria sana, ule mkoba wa Shafii ulikuwa na uzito usio wa kawaida. Ilipofika Jumatatu, ndevu za Shafii, ambazo Maalim alijua hazikuzidi kidole kimoja, zilikuwa zimefika kifuani katika vinywa vya watu. Na katika picha ya Maulidi iliyotundikwa ukutani msikitini, ambamo Shafii alikuwa amesimama safu ya pili akicheka, Maalim Burhani aliona kicheko kimepungua. Akaenda kutazama tena siku ya pili. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

*

Msikiti ule ulikuwa na kamati ndogo iliyoitwa Kamati ya Habari na Haki. Kwa miaka ishirini ilikuwa ikikutana katika chumba kilichopakana na mahali pa kutawadhia, na kazi yake ilikuwa kuandika barua. Gazeti lilipoandika "Muislamu akamatwa kwa wizi," kamati iliandika kuuliza mbona wezi wengine hawatajiwi dini zao. Serikali ilipofunga madrasa tatu kwa siku moja bila kueleza sababu, kamati iliandika kuuliza sababu. Mwenyekiti alikuwa Sheikh Mahfudhi, imamu wa msikiti, mtu mpole mwenye hofu nyingi. Mwandishi wa barua zote alikuwa Maalim Burhani. Hawakuwahi kujibiwa hata moja, lakini Maalim alihifadhi nakala kwa tarehe zake, akiamini kwamba barua isiyojibiwa bado ni ushahidi kwamba mtu aliuliza.

Mara hii kabla ya kuandika alikwenda nyumbani kwa marehemu. Bi Zuwena, mke wa Shafii, alikuwa ameanza eda. Alizungumza kutoka nyuma ya pazia, na Maalim aliona vidole vya miguu yake tu, chini ya kitambaa.

"Maalim, mnaandika nini?"

"Tunaandika kwamba Shafii hakuwa gaidi. Tutataka Gazeti lilifute neno hilo."

"Hilo mimi nalijua bila kuandikiwa. Mimi nataka mume wangu. Nataka aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe. Na nataka kujua ni nani aliyetoa amri apigwe. Andika hivyo."

"Tutaandika yote mawili, mwanangu."

"Anza na hilo langu."

Maalim aliahidi. Lakini alipoketi mezani, kalamu yake ilianza na neno, kwa mazoea ya miaka ishirini. Aliandika ukurasa mzima, akaufuta. Akaandika nusu ukurasa, akaifuta. Mwisho akabakiwa na maneno matatu, akayasoma kwa sauti na kuona hayana pa kushikwa makosa: *Aliyeuawa hakuwa gaidi.* Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ombi la Bi Zuwena aliliweka chini yake, kama ombi la pili.

*

Mhariri wa Gazeti alikuwa amekaa dawati la mbele katika darasa la Maalim Burhani, zamani. Jina lake Gervas. Alipomwona mwalimu wake mlangoni alisimama, akavaa koti aliloliacha kwenye kiti.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Gervas. Hujambo na familia?"

"Hatujambo, tunashukuru." Aliipokea barua, akaisoma mara mbili, na ile mara ya pili midomo yake ilitikisika kama ya mtoto anayesoma kwa shida. "Maalim, mimi nakuamini. Shafii ndiye aliyetengeneza cherehani ya mama yangu."

"Basi andika hivyo."

"Siandiki mimi. Watu wanadhani humu ndani tunaandika. Neno linatoka serikalini, Nyumba ya Juu, linafika limeshaiva, sisi tunalitia wino tu. Niletee karatasi ya kwao yenye muhuri. Ukiileta, naapa mbele yako nitalisahihisha ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile kubwa."

"Unaapa?"

"Nimewahi kukudanganya, Maalim?"

Hakuwahi. Maalim alikumbuka kwamba hata katika mtihani kijana huyu alikuwa akiacha swali wazi kuliko kubahatisha. Alitoka pale na matumaini, nayo yalimfanya atembee haraka kuliko umri wake.

Sheikh Mahfudhi hakuweza kwenda Nyumba ya Juu, alisema magoti yanamsumbua. Lakini alitoa rai kwamba mjane anaweza kutoka mchana katika eda kwa dharura kama ile, na hivyo wakaenda watatu: Maalim Burhani, Bi Zuwena na binti yake wa pekee, Rukia, mwenye miaka tisa. Rukia hakuwa na pa kuachwa. Shule ilikuwa haijamfukuza, ila dawati lake lilikuwa limehamishiwa varandani, na mwalimu alipoita majina asubuhi aliliruka la kwake.

*

Waliingia ukumbi wa kusubiri mwezi wa kiangazi, asubuhi, wakapewa namba kumi na moja.

Jinsi muda ulivyokwenda mle ndani, Maalim hakuweza kueleza baadaye. Hapakuwa na dirisha. Watu walikaa kwenye mabenchi marefu, wameshika namba zao, na hakuna aliyelalamika. Mwanamke aliyekaa mbele yao alikuwa mjamzito; Maalim alisinzia kidogo, alipofumbua macho akaona amempakata mtoto, na mtoto ana meno. Walisali Adhuhuri, kisha wakasali Alasiri, kisha ikawa Adhuhuri tena. Bi Zuwena alikuwa akihesabu siku za eda kwa vidole, akafika mahali akasimama, akaanza upya, akasimama tena. Akakitazama kiganja chake kama mtu aliyepotelewa na kitu kidogo sakafuni. Gauni la Rukia, lililokuwa likifika kwenye vifundo vya miguu walipoingia, lilikuwa limepanda mpaka nusu ya muundi.

Maalim alimtazama mtoto huyo sana, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Benchi lilikuwa na vumbi. Rukia aliandika jina lake kwa kidole, polepole, kwa mwandiko mzuri: Rukia. Hapo palipaswa kufuata jina la baba. Kidole kikasimama hewani. Kisha kikaruka nafasi, kikaandika jina la babu. Mtoto akaisoma kazi yake, akaona inafaa.

Kitu kikamkata Maalim Burhani ndani. *Neno kwanza,* alijiambia. *Neno ndilo linalomla huyu. Maiti anaweza kusubiri, maiti hana haraka, lakini huyu anakua.* Hakumwambia Bi Zuwena alilolifikiria.

Bi Zuwena na Rukia walipokwenda kusali, upande wa wanawake, ghorofa nyingine, ndipo namba kumi na moja ikaitwa.

"Mwenye shauri anasali," Maalim alisema. "Tumsubiri kidogo."

"Namba haisubiri, mzee," karani akajibu. "Ikipita imepita. Unaingia au huingii?"

Akaingia.

Afisa aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa mwembamba, amevaa miwani. Alisoma barua kwa utulivu. Akainama kuchukua kitu kwenye mtoto wa meza, na aliyeinuka alikuwa mnene asiye na miwani, akaendelea na sentensi ileile aliyoianza mwenzake.

"...kwa hiyo tumeona maombi ni mawili. Moja, marehemu asiitwe gaidi. La pili, serikali iseme nani aliamuru auawe, na itoe mwili."

"Ndiyo, bwana."

"Chagua moja."

Maalim hakuelewa. Afisa hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama Maalim mwenyewe alivyowahi kueleza watoto kwa nini mvua hainyeshi jangwani.

"Nikikubali yote mawili, mzee wangu, nitakuwa nimesema kwamba serikali imemuua mtu mwema. Sentensi hiyo haipo katika lugha ya nyumba hii. Sisemi imekatazwa. Haipo. Ninaweza kuwa na mtu mwema, au ninaweza kuwa na mtu aliyeuawa. Nikuandikie yupi?"

"Mwenye haki ya kuchagua ni mkewe. Yupo hapa hapa, anasali."

"Aliyeingia ni wewe."

Saa ya ukutani iliendelea kugonga. Maalim alifikiria pazia, na vidole vya miguu chini ya pazia, na sauti iliyosema *anza na hilo langu*. Alifikiria kidole kilichosimama hewani juu ya vumbi. Alifikiria pia, na hili hakulikiri kwa mtu yeyote ila mwisho, ule ukurasa wa mbele: maneno yake matatu kwa herufi kubwa, baada ya miaka ishirini ya barua zisizojibiwa.

"Neno," alisema. "Nipe neno. Hilo la pili tutakuja kuliomba siku nyingine."

"Siku nyingine," afisa akakubali, na sasa alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti laini. Akagonga muhuri.

Maalim aliweka saini. Alipotoka aliwakuta Bi Zuwena na Rukia ukumbini. Akawaambia kwamba mambo yamekwenda vizuri. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na ilionekana imeanza siku nyingi, maana barabara zilikuwa na madimbwi ya zamani.

*

Kulipokucha Gazeti lilitimiza ahadi. Ukurasa wa mbele, herufi kubwa: HAKUNA GAIDI ALIYEUAWA.

Maalim aliisoma akiwa amesimama. Moyo wake uliruka kwa furaha, kisha ukakwama. Akasoma tena. Gaidi alikuwepo, aliyeuawa alikuwepo, maneno yake yote yalikuwepo. Lakini mbona mlango ulikuwa upande mwingine wa nyumba?

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kuwa uvumi wa kuuawa kwa gaidi Mtaa wa Chini hauna ukweli, kwamba hakuna tukio lililotokea siku hiyo, na kwamba serikali na Kamati ya Habari na Haki zimelimaliza suala hilo kwa maelewano. Jina la Maalim Burhani lilikuwa chini, pamoja na saini yake.

Alikwenda kwa Gervas karibu akikimbia. Gervas hakumtazama usoni.

"Maneno ni yako, Maalim. Hesabu mwenyewe. Herufi moja tu ndiyo iliyobadilika, na mpangilio."

"Nani aliyeibadilisha?"

"Ilifika hivyo. Nilidhani mmekubaliana. Saini ni yako."

"Gervas, mtu amekufa! Nilisema aliyeuawa hakuwa gaidi. Alikuwepo mtu, akauawa. Hii inasema hakuna mtu!"

Kijana akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli na si ya mtu anayekejeli, "Nani amekufa, Maalim?"

Alishalisoma Gazeti lake mwenyewe.

Msikitini palikuwa na sherehe. Haluwa ilikuwa imeletwa, na Pandu alikuwa akigawa kahawa. Wanakamati walimkumbatia Maalim Burhani mmoja mmoja. Sheikh Mahfudhi alikuwa na machozi.

"Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini, Maalim! Hatujawahi kupewa ukurasa wa mbele."

"Sheikh, tumsalie Shafii. Leo, baada ya Adhuhuri, sala ya maiti aliye mbali. Mwili hatuna, lakini sala tunaweza."

Uso wa Sheikh ulibadilika kidogo, kama mtu aliyeguswa mahali penye jeraha la zamani. Kwa kitambo Maalim aliona kwamba anakumbuka. Kisha ikapita.

"Astaghfirullah. Tumsalie sala ya maiti mtu aliye hai? Hiyo ni kumtakia mwenzetu mabaya."

"Yuko wapi, kama yuko hai? Leo Alfajiri nani aliadhini?"

"Amesafiri, nadhani. Pandu, si amesafiri?"

"Amesafiri," Pandu akasema, akimimina. "Mtu wa watu yule. Watu walimsingizia mambo, haya, Mungu amemsafisha. Karibu kahawa, Maalim."

Katika picha ya Maulidi, Shafii alikuwa anacheka tena, kuliko alivyocheka mwanzo.

*

Siku zilizofuata Maalim Burhani alifanya kila alichoweza, na ilikuwa kidogo. Aliandika barua nyingine, ikarudishwa na karani na maelezo kwamba shauri limefungwa kwa ridhaa ya mwombaji. Aliwatembelea wale watu arobaini, nyumba kwa nyumba. Walimkaribisha, wakampa viti, wakamuulizia afya yake kwa namna iliyomfanya atambue kwamba tayari wanamzungumzia akiwa hayupo. Mmoja alimshika bega na kumwambia apumzike, kwamba kazi ya kamati imemchosha.

Akiwa peke yake alikuwa akilirudia tukio, ili lisimtoke. *Alasiri. Gari. Labeka.* Alilirudia njiani, kitandani, katika sijda. Lakini kila alipolirudia aliona kwamba analirudia kwa maneno, na maneno yalikuwa mepesi, hayakai mahali pamoja. *Je, ilikuwa Alasiri au Adhuhuri? Gari lilikuwa la rangi gani? Nilikuwa natoka au naingia? Mimi nilifundisha watoto kwamba kilichochorwa ndicho kilichopo. Niliwafundisha mwenyewe. Elfu ngapi niliwafundisha?* Siku moja sokoni alimwona Shafii kwa nyuma, amebeba kitu begani. Akamfuata, akimwita. Mtu huyo hakugeuka, akapotea katikati ya watu. Maalim alisimama pale anahema, na jambo lililomtisha si kwamba amemwona. Lililomtisha ni furaha aliyoisikia.

Hapo akajua kwamba hana siku nyingi. Akaenda kwa Bi Zuwena akakiri.

Alikaa kwenye mkeka, pazia mbele yake. Alisema yote: ukumbi, namba, afisa, saini. Alisema kuhusu Rukia na jina lililorukwa. Mwisho akasema na lile la ukurasa wa mbele, kwamba alilitamani. Alipomaliza, pazia likavutwa, na Bi Zuwena akatoka akiwa na nguo zake nyeupe, uso umekauka.

"Majirani wananiambia nivue hizi," alisema. "Wanasema namfanyia mume wangu uchuro. Jana mwanamke mwenzangu, niliyezaa naye wodi moja, kaniambia nina wazimu. Nilikuwa najiuliza neno hilo limetoka wapi. Kumbe limetoka mkononi mwako."

"Nilidhani namsaidia mtoto."

"Ulinichagulia, Maalim. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili, kichwa changu kiko chini namwomba Mungu, na wewe ukanichagulia." Hakupandisha sauti. "Alipokuwa gaidi walau alikuwa amekufa. Nilikuwa mke wa mtu aliyekufa. Sasa mimi ni nani?"

Bi Zuwena aliita, na Rukia akaja kutoka jikoni, mikono ina unga, uso mchangamfu. Dawati lake lilikuwa limerudishwa darasani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Rukia," mama yake akasema, "baba yako yuko wapi?"

"Amesafiri." Mtoto alijibu upesi, kama anayejibu swali la darasani. "Nimemuwekea chapati mbili."

Bi Zuwena alimgeukia Maalim. "Mimi sikuwepo yalipotokea. Akisikia kwangu anasema ninaota. Wewe ulikuwepo. Uliona kwa macho yako. Nilisubiri mtu mmoja tu katika mji huu wote. Mwambie."

Maalim Burhani alijiweka sawa. Alivuta pumzi, kama alivyokuwa akifanya mbele ya darasa, mwaka hadi mwaka.

"Baba yako," alianza, "alitoka msikitini. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani. Likaja gari. Mtu akamwita jina, naye akageuka, akaitika." Akasimama. Alitafuta kinachofuata. Alikitafuta kwa nguvu zake zote. Pale palipopaswa kuwa na kitu palikuwa na barabara tupu yenye jua.

"Halafu?" Rukia akauliza.

"Halafu... Halafu akaenda zake."

"Si nilisema?" mtoto akamwambia mama yake.

Bi Zuwena alimtazama yule mzee, na Maalim aliona kwamba hakuna tena hasira katika uso ule, na akatamani hasira irudi. Kisha akamshika mtoto mkono.

"Njoo," alimwambia. "Kuna kitu sijakuonyesha. Jumatano ile nilipofika barabarani wanaume wote walikuwa wamekimbia, na baba yako walishamchukua. Kilichobaki ni damu mchangani. Sikuwa na la kufanya. Nilirudi nyumbani nikachukua sufuria, nikauchota ule mchanga wote kwa mikono mpaka nikafika kwenye mchanga mkavu. Nikaufunga kwenye kanga yangu ya harusi. Upo huko uani, kati ya pipa la maji na ukuta. Ndipo ninapomsomea kila jioni. Twende umwone baba yako."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Maalim Burhani alibaki kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Alisikia nyayo zao, kisha jembe likigusa udongo mara chache. Kisha akamsikia Rukia akilia, kilio kirefu cha mtoto aliyeshika kitu na kukijua.

Na yule mzee akaanza kulia naye, upande wake wa ukuta, kwa kwikwi zilizomtikisa mwili mzima. Alilia mpaka ndevu zikalowa, huku akijiuliza ni nani aliyekufa katika nyumba hii, na mbona hakuna mtu aliyemwambia.